Upepo ni wa Bure, Lakini Shamba Si la Bure



Katika ofisi ya parokia yetu pametundikwa kalenda ya picha. Picha ya mwezi mmoja yaonyesha bahari, na katikati ya maji imesimama milingoti mirefu myeupe, kila mmoja una mapanga matatu kichwani. Jumamosi moja watoto wa mafundisho walikuwa wakingoja mvua ipungue, wakaizunguka kalenda ile. Mmoja wao, ambaye baba yake huvua dagaa upande wa Geita, akaniuliza: "Mwalimu, hivi ni vitu gani?"

Nikamjibu: "Ni vinu vya upepo. Upepo huvizungusha, navyo hutoa umeme."

Akafikiri kidogo, kisha akasema: "Mbona basi hawaviweki katika ziwa letu? Upepo tunao. Juzi nusura umzamishe baba."

Wenzake walicheka, mimi sikucheka. Swali lake ni zuri kuliko mengi yanayoulizwa na watu wazima. Kazi yangu ni ukarani, naandika vyeti vya ubatizo na barua za watu, lakini nilisomea ualimu, na mwalimu hawezi kuliacha swali la mtoto likae bila jibu. Nataka kulijibu leo mbele yenu nyote, kwa maana jibu lake halimhusu mtoto peke yake. Lamhusu kila mwenye shamba.

KWA NINI WALIKWENDA BAHARINI

Wa kwanza kujenga vinu vya upepo katika bahari walikuwa watu wa Denmark, nchi ndogo ya kaskazini mwa Ulaya. Mwaka 1991, mahali paitwapo Vindeby, walisimamisha vinu 11 katika maji ya kina kifupi karibu na pwani. Vyote pamoja vilitoa karibu megawati 5. Vilifanya kazi muda wa miaka 25 hivi, na mwaka 2017 vikang'olewa kwa kuwa vimezeeka. Leo nchi ile yapata zaidi ya nusu ya umeme wake wa mwaka kutoka katika upepo wa nchi kavu na wa baharini.

Neno megawati lisikutishe. Pasi ya umeme hula karibu kilowati 1. Megawati 1 ni kilowati 1,000, yaani nguvu ya kutosha pasi 1,000 zinazopiga nguo kwa wakati mmoja.

Kwa nini waliacha nchi kavu wakaenda kuhangaika na chumvi na mawimbi? Sababu ni mbili. Kwanza, kwao ardhi ni finyu, na watu wamejaa. Pili, baharini upepo haugongani na milima, miti, wala nyumba. Hupita juu ya maji kama ng'ombe katika mbuga iliyo wazi, nao huvuma kwa nguvu na bila kukatika-katika. Nguvu hiyo ni jambo kubwa, maana upepo una hesabu yake ya ajabu. Mwendo wake ukiongezeka mara 2, nguvu yake haiongezeki mara 2, bali mara 8. Ndiyo sababu wajenzi huutafuta upepo mzuri hata mahali penye taabu.

Siku hizi kinu kimoja kikubwa cha baharini chaweza kutoa megawati 15. Ncha ya panga lake ikifika juu hupita mita 250 kutoka majini. Mnara wa kengele wa parokia yetu ungepandishwa mmoja juu ya mwingine zaidi ya mara kumi kabla ya kuifikia ncha hiyo. Umeme wake huletwa nchi kavu kwa waya mnene uliolazwa chini ya sakafu ya bahari.

Je, ziwa letu? Mpaka sasa hakuna kinu cha namna hiyo katika Ziwa Victoria, wala katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Kujenga majini hugharimu fedha nyingi kuliko kujenga nchi kavu, na sisi bado tuna nchi kavu yenye upepo. Tena wavuvi wajua kwamba upepo wa ziwani hugeuka: mchana hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na katikati huweza kuzuka dhoruba ya ghafula. Kinu hakipendi upepo wa hasira. Dhoruba ikizidi, hujifunga chenyewe kisizunguke, kisije kikavunjika. Chataka upepo wa kila siku, wenye adabu.

MOSHI USIOONEKANA

Labda mzee mmoja ataniuliza: "Karani, tabu yote hiyo ya nini? Si wachome mafuta tu?"

Naam, hapo ndipo penye shina la habari. Mafuta, makaa ya mawe na gesi vikichomwa hutoa hewa ya ukaa. Hewa hiyo haionekani wala hainuki, lakini hupanda ikaizunguka dunia kama blanketi. Joto la jua laingia, lakini kutoka lashindwa. Kabla ya viwanda kuenea, katika kila sehemu milioni 1 za hewa, sehemu 280 zilikuwa hewa ya ukaa. Leo zimepita 420. Na blanketi hilo halivuliwi jioni; sehemu ya hewa hiyo hukaa juu mamia ya miaka.

Hata hapa kwetu moshi huo tunao. Lita 1 ya dizeli ikichomwa hutoa zaidi ya kilo 2 na nusu za hewa ya ukaa. Usishangae kwamba uzito wake wapita uzito wa dizeli yenyewe: katika kuungua, dizeli huchukua na kitu kutoka hewani. Sasa ufikirie mgodi. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, na kwa miaka mingi ulijitolea umeme wake kwa injini za mafuta, mchana na usiku. Ni katika miaka hii ya karibuni tu ulipounganishwa na gridi ya Taifa. Na wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama, wengi wao huvuta maji mashimoni kwa jenereta. Kila jenereta inayozimwa kwa sababu umeme safi umefika, blanketi lapungua uzi mmoja.

Lakini tuseme kweli yote, tusimnyoshee kidole mwenye mgodi peke yake. Katika nchi yetu hewa hii hutoka zaidi katika kufyeka na kuchoma miti kuliko katika mitambo ya umeme. Jungu la ugali na gunia la mkaa vimo katika hesabu. Watu wa Shinyanga wanalijua jambo hili. Nchi ilipokuwa imebaki uwanda mtupu, mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, wazee wakarudisha desturi ya ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho ili majani na miti ipumzike. Mpango ule ulipokwisha mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimeenea katika mamia ya vijiji. Na miti inayokua huila hewa ya ukaa. Basi mwenye kutunza ngitili yake, hata kama hajawahi kukiona kinu cha upepo, amekwisha kuifanya kazi ile ile.

Taifa letu nalo limeahidi kwamba kufikia mwaka 2030 litapunguza hewa hizi kwa asilimia 30 hadi 35, kulingana na zile ambazo zingetoka kama tusingefanya neno. Ahadi hiyo italetwa na mambo mengi: miti, majiko, maji, jua, na upepo.

KAMBA MOJA YA MAJIRANI

Sasa tuuone upepo wa karibu. Kwetu Tanzania vinu vya kwanza vya kuuza umeme vilisimama Mufindi, mkoa wa Iringa, mwaka 2020. Ni vinu 3 tu, vyenye megawati 2.4 kwa jumla, vikisaidiana na mtambo mdogo wa maji wa mto Mwenga. Akili yake ni nzuri: wakati wa kiangazi mto hupungua, na wakati huo huo upepo huvuma. Mmoja akichoka, mwenzake hushika jembe. Nasi twajua maana ya jambo hilo, kwa kuwa miaka ya ukame, kama 2006 na 2011, tulikaa gizani kwa zamu mabwawa yalipokauka. Leo tuna bwawa kubwa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye mitambo 9 na megawati 2,115. Hata hivyo mwenye kutegemea kisima kimoja humwomba Mungu mvua kila asubuhi.

Lakini vinu vingi vya upepo katika nchi zetu hizi viko Kenya, katika wilaya kavu za kaskazini karibu na Ziwa Turkana, kati ya mlima Kulal na mlima Nyiro. Upepo watoka upande wa bahari, wabanwa kati ya nchi ya juu ya Kenya na nchi ya juu ya Ethiopia, nao hupita pale kwa kasi kama maji katika mfereji. Wenyeji walikuwa wakiulaani tangu zamani, maana huezua mapaa na kujaza mchanga machoni. Leo vinu 365 vimesimama pale, kila kimoja cha kilowati 850, na jumla yake ni megawati 310. Rais Uhuru Kenyatta alivizindua Julai 2019.

Utasema, "Turkana ni mbali, inatuhusu nini sisi wa Shinyanga?" Shika kidole chako, tuufuate waya. Kutoka vinu vile, waya mkubwa wa zaidi ya kilomita 400 washuka hadi Suswa, karibu na Nairobi. Kutoka huko wafika Isinya. Kutoka Isinya wapita Namanga na Arusha mpaka Singida. Kipande hicho ni zaidi ya kilomita 500, nacho kilianza kupitisha umeme mwishoni mwa mwaka 2024. Kutoka Singida wafika Shinyanga, na Shinyanga huenda Bulyanhulu na Geita. Basi kinu cha Turkana na balbu ya Geita vimefungwa katika kamba moja.

Sisemi kwamba taa yako yawashwa na upepo wa Turkana. Umeme katika waya ni kama maji ya vijito vingi katika bwawa; huwezi kuchota kikombe ukasema hiki ni cha kijito fulani. Nasema kwamba majirani wamejiwekea njia ya kusaidiana: huku pakikauka, kule pavume. Ethiopia nayo yauzia Kenya umeme wa maji tangu mwaka 2022. Jirani mwenye upepo akimpa jirani mwenye kiu, jenereta mbili zazimwa. Hivyo ndivyo moshi unavyopunguzwa na nchi nyingi kwa pamoja, wala si na nchi moja peke yake.

LILILOHARIBIKA TURKANA

Habari hii njema ina upande wa pili, nami sitauficha.

Jambo la kwanza lilikuwa waya. Vinu vyote 365 vilikuwa vimekwisha kusimama mwaka 2017, lakini waya wa kuvuta umeme ulikuwa haujafika. Ulikamilika mwaka 2018. Muda huo wote upepo ulivuma bure, na Serikali ya Kenya ikapaswa kulipia umeme ambao haukumfikia mtu. Mwenye kununua ng'ombe kabla ya kujenga zizi ataelewa.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi, nalo ni ardhi. Hati ya shamba lile la upepo ilichukua ekari 150,000. Ni nchi ya malisho ya Wasamburu, Warendille, Waturkana na majirani zao. Kweli vinu na barabara zake hukaa katika sehemu ndogo tu ya ardhi hiyo, na mifugo hupita katikati ya milingoti ikala majani. Hata hivyo wenyeji walisema hati ilitolewa bila kuulizwa wao kama ilivyopasa. Mwaka 2014 wakaenda mahakamani. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Meru ikahukumu kwamba hati zile hazikupatikana kwa njia ya sheria, ikatoa mwaka mmoja mambo yatengenezwe. Mabishano yaliendelea hata baada ya hapo. Na watu waliokaa chini ya vinu vyenyewe waliendelea kulalamika kwamba umeme huzaliwa kwao, kisha huenda kuangaza mbali.

Kinangop, huko huko Kenya, mambo yalikwenda vibaya zaidi. Palipangwa shamba la upepo la megawati 60. Wakulima na wenye mradi hawakusikizana juu ya ardhi, pakawa na fujo, na mwaka 2016 mradi ukafutwa. Hakuna kinu, hakuna umeme, na ujirani umechafuka.

Funzo lake ni hili: upepo ni wa bure, jua ni la bure, lakini mahali pa kusimamishia kinu na njia ya kupitishia waya ni shamba la mtu. Kazi safi ikianza kwa njia chafu, haifiki mbali.

MAYU NA KARATASI YAKE

Kama wadhani mambo haya ni ya Kenya tu, sikiliza lililofika mezani pangu.

Asubuhi moja alikuja mama mjane wa kigango kimoja. Nikamwamkia: "Mwangaluka, mayu." Akaitikia, akakaa, akafungua mfuko wa nailoni, akatoa kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne. Juu yake palikuwa na namba tu, na alama ya dole gumba.

Akasema: "Mwanangu, watu wa mradi walikuja, wakapigilia vigingi vya rangi nyekundu shambani kwangu. Waya mkubwa utapita. Wakahesabu miti, wakaniambia weka kidole hapa. Nikaweka. Sasa nisomee, nimekubali nini?"

Sikuweza kumsomea, kwa maana hapakuwa na la kusoma. Fomu yenyewe walikuwa wameichukua. Tukaenda pamoja ofisi ya kijiji, na baada ya safari tatu tukaiona nakala. Mambo matatu yalikuwa si sawa. Jina lililoandikwa lilikuwa la marehemu mumewe, hivyo fedha zingeweza kudaiwa na ndugu wa mume. Kisima alichochimba mwenyewe hakikuandikwa. Na miembe ilihesabiwa 3, naye asema alikuwa nayo 7.

Tuliandika barua. Tuliandika tena. Ofisa mtendaji wa kijiji, kijana mwenye moyo mzuri, alitusaidia sana. Miezi ikapita. Mwishowe jina likasahihishwa, na kisima kikalipwa. Lakini miembe ilibaki 3, kwa kuwa wakati barua zikizunguka, njia ya waya ilikuwa imekwisha kufyekwa, na hapakuwa na mtu wala picha ya kushuhudia mti uliokwisha kuwa kuni.

Siku alipokuja kushukuru, mayu alitazama juu dirishani, akasema: "Umeme wapita juu ya kichwa changu kama korongo aendaye zake. Mimi nawasha kibatari."

Nikamweleza kwamba waya ule mkubwa hauwezi kushushwa nyumbani, nguvu yake ingeiteketeza nyumba. Hauna budi kwanza kupita katika kituo, kisha transfoma, ndipo uje nguzo kwa nguzo. Alinielewa. Lakini neno lake halijanitoka moyoni. Mtu aliyetoa shamba lake ili wengine waone, naye hana budi kuona.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Nawaandikieni haya si kuwatia chuki na maendeleo. Miradi yaja, na yafaa ije. Wilayani Kishapu, kijiji cha Ngunga, mwaka 2023 ulitiwa sahihi mkataba wa kujenga mtambo mkubwa wa umeme wa jua, awamu ya kwanza megawati 50, na shabaha ni kufika 150. Singida, jirani zetu, kwa miaka mingi pamezungumzwa habari za vinu vya upepo. Tena jua si kama upepo: vinu huacha nafasi ya malisho katikati, lakini vioo vya jua hufunika ardhi, na ng'ombe hapiti. Basi tujiandae kama watu wenye akili.

Kwanza, jua sheria inasemaje. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yatoa nafasi kwa mkutano wa kijiji. Ardhi ya kijiji inayotakiwa isipozidi hekta 250, mkutano wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, lakini kwanza huangalia maoni ya mkutano. Basi mkutano ukiitwa, nenda. Usimtume mtoto. Akina mama nanyi nendeni, kwa maana jembe la shamba lile mwalishika ninyi.

Pili, hesabu mali yako kabla mgeni hajaihesabu. Chukua daftari la shule, andika: miti na aina yake, kisima, zizi, nyumba, mipaka, na makaburi kama yapo. Mwite jirani na balozi watie sahihi. Mwenye simu ya picha apige picha, yeye akiwa amesimama karibu na mti. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, usiweke dole gumba juu ya karatasi ambayo hujasomewa, wala usiondoke bila nakala. Tazama jina. Kama mwenye shamba ameaga dunia, mambo ya mirathi yatengenezwe mapema, mjane na watoto wasije wakazungushwa.

Nne, fidia si bei ya mazao tu. Sheria yahesabu thamani ya ardhi na vilivyo juu yake, posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi kwa muda, na hasara ya faida. Hesabu hiyo hufanywa na mthamini mwenye sifa. Malipo yakicheleweshwa kupita miezi 6, huongezwa riba. Uliza kwa adabu, lakini uliza.

Tano, katika mkutano ule ule ulizeni juu ya taa. Je, kijiji kinachotoa ardhi kitapata nini? Zahanati, shule, mashine ya kusaga vitaunganishwa lini? Ahadi iandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na tarehe yake. Ahadi ya mdomo huondoka na vumbi la gari.

Nanyi mtakaotumwa na miradi, pengine mmoja wenu atasoma gazeti hili mezani pa padre. Msione maswali haya kuwa ni uchochezi. Turkana na Kinangop zawafundisha ninyi zaidi kuliko sisi. Siku 30 za kumweleza mtu vizuri ni nafuu kuliko miaka 7 mahakamani.

JIBU LA MTOTO

Jumamosi iliyofuata nilimwita yule mtoto wa mvuvi. Nikamwambia: "Ziwani kwetu bado. Lakini upepo wa Turkana umefungwa kamba moja na Geita, na jua la Kishapu laweza kufanya kazi ya dizeli nyingi. Ukikua, soma hesabu, labda wewe ndiwe utakayekuja kupima upepo wa ziwa letu."

Akauliza: "Na wakija kupima kwetu, nifanye nini?"

Nikamwambia: "Wakaribishe, uwape maji ya kunywa. Halafu mlete baba, mama, na daftari."

Mayu naye amefikiwa na nguzo ya Wakala wa Nishati Vijijini mwaka huu, kwa foleni ile ile ya wanakijiji wengine. Ana balbu moja, sebuleni. Chini ya balbu hiyo mjukuu wake amekwisha kuandika, katika daftari la kurasa 48, kila mti uliosalia shambani. Ukurasa wa kwanza umeanza hivi: Mwembe, 3.